Bi Wembe na Kanda ya Makofi

Asubuhi ile ilikuwa asubuhi tu. Niliamka kabla yake, nikachemsha maji, ya kunawa nikayaweka kando, yaliyobaki nikayatia majani ya chai. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akifunga kitambaa chake cha kichwa. Kazi hiyo hakuwahi kuitafutia kioo. Nikampa kikombe.

"Sukari umetia ngapi?"

"Kama jana."

"Jana ilizidi."

"Basi na leo imezidi."

Akacheka kwa pua. Meno yalikuwa yamebaki machache, hakupenda yaonekane, hata na mimi niliyeyajua yalipokuwa yote.

Mlango wetu ulikuwa wazi, kama siku zote. Fundi simu aliyeegemeza kibanda chake kwenye ukuta wetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Akajaribu spika ya simu ya mteja. Ikatoka sauti ya mtu anayeomba kura. Kisha makofi. Kisha kigelegele kimoja cha mwanamke. Kisha kelele za watu wengi, na vishindo.

Mke wangu akainua uso kutoka kwenye kikombe. Akaniuliza swali, nikamjibu, naye akasema neno lake. Nitaliweka mahali pake. Baadaye akalalamika kwamba chai imepoa, akajilaza kidogo, akaniambia nimwamshe jua likifika kwenye kizingiti. Jua lilipofika kwenye kizingiti nilimwita. Nikamwita tena.

Waliokuja kunipa pole walisema alikuwa mama mpole, na kwamba alikuwa na kichaa kidogo cha milango. Hilo la pili walilisema kwa upendo. Kila alipoingia kwenye mkutano, zahanati, shule, nyumba ya mtu, alikwenda kwanza kuufungua mlango mpaka mwisho, akaweka jiwe usijirudishe. Binti yetu tangu mdogo alimlalamikia.

"Mama, wezi wataingia!"

"Waingie. Wataiba nini, baba yako?"

Watu wanaijua tabia. Sababu yake hawaijui.

Mimi ni fundi magodoro. Nilikuwa kijana nilipoitwa kwenye nyumba ya redio. Walikuwa na chumba kimoja walichotaka kisiwe na mwangwi. Nikashona matandiko ya pamba, nikayapigilia kwenye kuta zote, na dari, na upande wa ndani wa mlango. Nilipomaliza nikaufunga ule mlango nijaribu kazi yangu. Chumba kile sijakipenda hata leo. Ukikaa kimya ndani yake unasikia damu yako inavyotembea masikioni. Nikasema "haloo." Neno likafia mdomoni, kama nimelisemea ndani ya mfuko. Nilipogeuka nikaona msichana amesimama kwenye kona, ameshika wembe. Nywele zikanisimama.

"Usiogope, fundi," akasema. "Ni wembe wa kazi."

"Kazi gani hiyo ya wembe redioni?"

"Kuwakata watu maneno."

Ndivyo nilivyompata mke wangu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Siku zile sauti ilikaa kwenye kanda, ya rangi ya kahawia, nyembamba kuliko kidole. Mkubwa wa nchi alikuwa akihutubia, kanda inaletwa kwa mke wangu, anaiweka kwenye mashine na kuisikiliza kwa hedifoni. Mkubwa akikohoa, anakata kikohozi. Akisahau jina la mji aliosimama, anakata kule kusahau. Halafu anaunga pande mbili kwa kipande cha plasta nyeupe, na ukisikiliza huwezi kujua. Vile vipande vilivyokatwa vilianguka sakafuni. "Kila jioni tunafagia vikohozi," aliniambia. Wenzake walimwita Bi Wembe, na lilikuwa jina la utani kweli, kwa sababu hata kuku hakuweza kumchinja.

Kusoma ni yeye aliyenifundisha. Tulitumia magazeti niliyofungia sindano zangu. Alinisomesha vichwa vya habari, vile vyenye herufi kubwa.

"Soma," ananiambia, "lakini usiamini kabla hujafika chini."

"Na nikifika chini?"

"Hata hapo usiamini. Ila umefika."

Baada ya kuoana, mdogo wake akaja kukaa nasi. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kushona vifungo. Tulimwita Kengele kwa ajili ya kigelegele chake. Kigelegele kile hakikufanana na cha mtu mwingine. Kilipanda, kikapanda, kikavunjika katikati kama mtu aliyejikwaa, kisha kikainuka tena. Kilivunjika hivyo kwa sababu Kengele hakuweza kupiga kigelegele bila kucheka.

"Shemeji," aliniambia juma lake la kwanza, "godoro lako hili umetia mawe?"

"Ni pamba, shemeji."

"Basi ni pamba iliyokomaa."

Siku ya mkutano mkubwa, kiwanda kilisimamishwa. Ukumbi ulitakiwa ujae, kwa hiyo wafanyakazi wakapakiwa kwenye malori. Asubuhi hiyo Kengele aliazima kitambaa kizuri cha dada yake.

"Dada, leo nitapiga kigelegele mpaka kiingie kwenye mashine yako. Ukikisikia, usinikate."

"Nikukate wewe?" mke wangu akamjibu. "Nikikukata wewe nitamwacha nani?"

Wakacheka wote wawili, na Kengele akatoka akikimbia.

Jioni mke wangu alirudi kabla ya saa zake. Hakuvua viatu.

"Kengele karudi?"

"Bado."

Akakaa chini pale pale mlangoni. Nikamuuliza kuna nini, akatikisa kichwa tu. Tulikaa hivyo, yeye anatazama njia, mimi namtazama yeye.

Kesho yake tukaitwa uani mwa hospitali. Tulipewa Kengele akiwa ameshafungwa shuka. Aliyetukabidhi alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya upole sana. "Mzikeni," alisema. "Msitangaze. Ni ajali ya mtu mmoja, mguu uliteleza kwenye ngazi. Tusiitie doa furaha ya wengi kwa msiba wa mmoja."

Mimi nikaamini ni mmoja. Kwa nini nisiamini? Redio ilikuwa imesema mkutano ulimalizika kwa shangwe, na shangwe yenyewe nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Gazeti nalo likatoa picha kubwa ukurasa wa kwanza. Watu wamebanana, mikono yote juu, vidole vimetanuka. Nilisoma maneno ya chini, herufi kwa herufi: wananchi wakimpungia mkubwa mikono. Niliitazama picha ile muda mrefu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameelekea jukwaani.

Sikulisema hilo. Nilidhani ni macho yangu yaliyochoshwa na kushona.

Mke wangu akaendelea kwenda kazini. Alipunguza maneno, na mimi si msemaji, basi nyumba ikawa kimya. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila hotuba iliporushwa redioni, yalifuata makofi. Yalianza machache upande mmoja, yakajaa kama maji yanavyojaa ndoo, kikaja kigelegele, kikapanda, kikavunjika, kikainuka, halafu kimya. Kimya cha ghafla, kama kisu kimepita. Na kila mara, pale pale penye kimya, mke wangu alisema kwa sauti ndogo, "Hapa."

Nilimuuliza, "Hapa nini?"

"Hakuna kitu."

Kigelegele kile nilikijua. Lakini nilijiambia vigelegele hufanana, na wanawake wanaocheka wako wengi.

Mtu wa kazi yangu hawezi kudanganywa na mto. Siku moja nilikuwa nafumua mito yetu niichambue sufi, wa mke wangu ukanikatalia mkononi. Ulikuwa na donge katikati. Sufi hujikusanya, najua inavyojikusanya, lakini haifanyi mduara. Nikatia mkono. Nikatoa kipande cha kanda, kimeviringwa na kufungwa uzi wa vifungo.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Rudisha," akasema.

"Ni nini hiki?"

"Ni Kengele."

Ndipo akaniambia. Milango ya ukumbi ilifungwa kwa nje, kwa minyororo, ili watu wasitoke kabla hotuba haijaisha. Kulikuwa na mtindo huo wa watu kutoka. Mkubwa akamaliza, akapitishwa mlango wake wa nyuma. Watu wakapiga makofi, Kengele akapiga kigelegele. Taa moja ikapasuka na pazia likashika moto. Watu wakakimbilia milango. Mashine ya kunasa sauti iliachwa jukwaani inazunguka, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Alasiri ile kanda ikafikishwa mezani kwake. Akasikia makofi. Akasikia kigelegele cha mdogo wake, akatabasamu peke yake. Kisha akasikia yaliyofuata. Msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Nikamuuliza, kelele hizi ni za nini? Akasema mashine ilikuwa mbovu. Akasema kata hapo, kigelegele kinapokwisha. Nikakata. Mkono ulikata wenyewe, ulikuwa umezoea."

"Na humo ndani ni watu wangapi?"

"Huwezi kuhesabu," akasema. "Ni kama mvua kwenye bati."

Kumbe kila nyumba iliambiwa ni mmoja. Kila nyumba ilizika kimya, ikaona aibu kulia wakati nchi nzima inafurahi. Mimi nikaurudisha mzigo ule katikati ya sufi, nikaushona mto, mshono mdogo mdogo. Sikuwa na la kufanya zaidi. Nikiweka sikio kwenye mto ule nasikia sufi tu.

Yale makofi ndiyo yalikuwa bora kuliko yote waliyowahi kunasa. Msimamizi akaagiza yatunzwe rafuni, kwenye kopo lake. Kila hotuba, wakayaunga mwishoni. Mkubwa alianza kuogopa mikutano, akawa anahutubia peke yake katika kile chumba nilichokitandika pamba, na watu wakamshangilia.

Kazi yangu ilinipeleka kwenye nyua za watu. Godoro hufumuliwa uani, pamba inaanikwa, unaichapa kwa fimbo mpaka ilegee, ndipo unashona. Kutwa nzima uko hapo, na redio iko dirishani. Kwa hiyo mimi niliona kitu ambacho labda aliyekaa ofisini hakukiona. Watu walikuwa wanajifunza.

Siku ya mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yetu, mwalimu mkuu alimaliza kusema, makofi yakaanza machache upande mmoja. Yakajaa. Mama mmoja mbele yangu akapiga kigelegele, kikapanda, akakivunja katikati, akakiinua tena. Yule mama hakuwa anacheka. Alikuwa amejifunza ule mvunjiko kama mtu anavyojifunza wimbo. Kisha ukumbi mzima ukanyamaza kwa pamoja. Mikono ilibaki hewani, imeachana, haijakutana. Nikatazama mikono yangu. Nayo ilikuwa hewani.

Nikamgeukia mke wangu. "Hapa," akasema.

Tulipofika nyumbani akaniambia ameamua. Atakiunga kile kipande mahali pake.

"Watakukamata."

"Wanikamate. Kuna mama huko hajui kwamba hakulia peke yake. Namkuta sokoni, simjui, naye hanijui."

"Ukienda usirudi?"

"Utamlea binti yako. Godoro unajua kushona, nywele utajifunza."

Nilijaribu kumzuia. Sitasema nilijaribu vipi. Aliufumua mto mwenyewe, kwa wembe wake.

Siku ya hotuba kubwa ya mwaka aliniambia nisiende mbali, nikae karibu na redio. Nilikuwa na kazi kwenye ua wa mama mmoja mshona sare, mwenye nyumba kubwa na wanawake wengi. Redio ilikuwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hotuba ikaisha. Makofi yakaanza upande mmoja. Nikashika sindano bila kushona. Kigelegele kikapanda, kikavunjika, kikainuka. Ikafika hapa. Wanawake wakanyamaza, maana walizoea kunyamaza.

Redio haikunyamaza.

Nilikuwa sijawahi kuisikia. Mke wangu alisema ni kama mvua, na ilianza kama mvua. Halafu vishindo vya mbao. Halafu sauti nyingi sana, za wanaume na za wanawake, zote na neno moja: "Fungueni! Fungueni! Fungueni!" Ikaendelea, ikaendelea, ikaisha kwa mkwaruzo.

Nilisubiri mtu apige yowe. Nilisubiri kikombe kianguke.

Mama mshona sare akapiga paja, akacheka. "Jamani! Leo wamefurahi mpaka wanagonga milango!"

"Wako nje hao," mwenzake akasema. "Ukumbi umejaa, wanalilia kuingia."

"Kaka yangu alikuwa huko mwaka jana, alikosa hata pa kuweka mguu."

"Fundi, mbona umekodoa macho? Shona, usiku utanilaza kwenye kamba za kitanda?"

Nikashona. Mishono ile ilikuwa mibaya, na baadaye nilirudi kuirekebisha.

Mke wangu alikaa kazini akiwangoja waje kumchukua. Alikuwa amevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya baridi ya huko watakakompeleka. Mlango ukafunguliwa, akaingia msimamizi, amejaa furaha usoni.

"Bi Wembe, ile umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo," akamjibu.

"Safi sana. Iache hivyo hivyo. Hiyo ndiyo shangwe."

Kesho yake gazeti liliandika kwa herufi kubwa kwamba wananchi walilia kwa kukosa nafasi ukumbini. Nilisoma mpaka chini.

Nilimwona mke wangu akilia mara moja tu maishani, na ni siku ile, na ile nguo ya pili bado mwilini. Kwa Kengele hakulia, hakuruhusiwa. "Nimewatoa kwenye mto," akasema, "nimewaweka mahali pabaya zaidi. Sasa watagonga kila siku, na watu watawapigia makofi."

Ikawa hivyo. Kanda ndefu ndiyo ikawa kanda ya makofi. Na watu, wepesi wa kujifunza, wakajifunza na hiyo. Watoto wa mtaa walikuwa na mchezo, nusu ndani ya banda, nusu nje, wanagonga mabati na kupiga kelele fungueni, wanaanguka kwa kicheko. Nilipita karibu yao na fimbo yangu ya pamba begani, na nilikuwa nahesabu pumzi zangu ili nisikimbie.

Kisha ukaja mkutano wa mtaa, kwenye ukumbi wa shule. Tulikaa nyuma. Bwana mmoja wa serikali aliahidi bomba la maji. Makofi yakaanza upande mmoja, yakajaa. Kigelegele. Halafu watu wakaanza kugonga madawati kwa viganja na kuita huku wakicheka, "Fungueni! Fungueni!" Ukumbi ulitetemeka. Mke wangu akaziba masikio.

Mwanamke mmoja akasimama. Nilimfahamu kwa sura, muuza mkaa wa njiapanda, mtu mzima kuliko sisi. Alipita katikati ya madawati polepole, akaenda mlangoni, akavuta komeo, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Akabaki amesimama pale, mkono mmoja kwenye mlango, amejisogeza pembeni kama mtu anayewapisha wageni.

"Mama, kaa!" kijana mmoja akapiga kelele. "Tunashangilia, hatutoki!"

"Najua, mwanangu," akajibu. "Shangilieni."

Watu wakacheka. Mke wangu akainuka. Mlango ule ulikuwa wa pande mbili. Akaenda akafungua upande wa pili, akasimama kumwelekea yule mama. Mimi nikawafuata, sikutaka awe peke yake, kwa hiyo nilisikia.

"Wa kwako nani?" mke wangu akamuuliza.

"Mwanangu. Upande wa pasi, kiwanda cha nguo. Niliambiwa ni yeye peke yake, alianguka ngazini."

"Na sisi tuliambiwa ngazi. Mdogo wangu. Alikuwa vifungo."

Mikono ya muuza mkaa ilikuwa myeusi mpaka kwenye kucha, na ilipoushika ule mlango iliacha alama.

"Siku ile redioni nilimsikia," akasema. "Sauti yake naijua hata katikati ya elfu. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikadhani nimeingiwa na wazimu. Mtoto anaita mlango, mimi nimekaa. Nikainuka, nikaufungua mlango wa nyumba yangu. Ningefanya nini kingine, mama?"

"Hakuna kingine," mke wangu akasema.

Hawakukumbatiana. Walisimama tu hapo, kila mmoja na upande wake, mpaka mkutano ukaisha na watu wakapita katikati yao kwenda makwao.

Tangu siku hiyo mke wangu akawa mtu wa milango. Na hakuwa peke yake. Ukikaa sana kwenye nyua za watu unaona. Zahanati, mwanamume mmoja anainuka redio inapolia, anafungua dirisha. Kwenye kiwanda, bibi mmoja. Kwenye duka la unga, mzee na fimbo yake, anasukuma mlango kwa ncha ya fimbo, anarudi kukaa. Walitazamana, wakatikisa kichwa, basi. Gazeti halikuandika. Lingeandika nini? Mtu kafungua mlango.

Wakubwa walibadilika, mashine zikabadilika. Wembe ukatupwa, zikaja kompyuta. Vijana waliohamisha sauti za zamani walihamisha na ile. Mke wangu akastaafu, akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani. Nilidhani yamekwisha. Kisha zikaja simu. Sasa anayeuza dawa ya meno anaiweka mwishoni, anayehubiri anaiweka, anayetaka kura anaiweka. Nilimuuliza fundi simu, kijana mzuri, hunichajia simu bure, anaitoa wapi.

"Hii, mzee? Hii ni shangwe namba moja. Haitafutwi, inakuja na simu."

"Unajua ni ya wapi?"

"Ya wapi tena, mzee. Ni ya kompyuta. Hao si watu."

Lakini niliona kwamba ameweka jiwe kwenye mlango wa kibanda chake. Alikuwa amemwona mama anavyofanya, akafanya, hajui kwa nini.

Sasa niko peke yangu. Mto wake sijaufumua. Binti yangu anakuja, anaosha vyombo, ananiambia, "Baba, vumbi lote la barabara liko kitandani kwako." Namwambia aliache. Ile sauti ikilia kwenye simu nje, Kengele anapanda, anavunjika, anainuka, na wenzake wanaanza kugonga, mimi husimama. Nasogea pembeni ya kizingiti, naegemea ukuta, naacha nafasi. Wakati mwingine vumbi lililo sakafuni husogea kidogo. Ni upepo. Nangoja mpaka ikwishe, ndipo nakaa.

Asubuhi ile, fundi alipojaribu ile spika, mke wangu aliinua uso kutoka kwenye kikombe. Hakusema "hapa." Sauti ilikuwa imeshapita pale, imefika kwenye vishindo.

"Mzee wangu," akaniuliza, "mlango uko wazi?"

"Uko wazi."

"Basi uache hivyo hivyo, wasije wakakuta umefungwa tena."